Rangi za maji kutokana na udongo wa Kilimanjaro na Meru: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Rangi zinazozungumzwa hapa ni za kuchorea kwenye karatasi, vile vidonge vikavu unavyovilowesha kwa brashi. Si rangi ya maji ya kupaka ukutani, ingawa kila wiki kuna mtu anayeuliza bei ya ndoo. Maswali mengi yametoka kwa wachoraji na walimu wa Moshi na Arusha, kwa hiyo majibu nayo ni ya huku.

Udongo wowote unafaa?

Hapana, ila unaofaa ni mwingi kuliko watu wanavyodhani. Kinachotoa rangi ni madini ya chuma. Hematiti hutoa wekundu, gethaiti hutoa njano ya haradali, na manganizi ikichanganyika humo unapata kahawia iliyokolea. Udongo wa miteremko ya Kilimanjaro na Meru umetokana na miamba ya volkano iliyooza kwa muda mrefu sana. Miamba hiyo ina chuma tele, ndiyo maana huku viatu vyeupe havina maisha.

Kabla hujabeba ndoo, fanya jaribio dogo. Lowesha bonge la udongo, lisugue kwenye karatasi nyeupe, liache likauke, kisha futa kwa kidole. Likibaki doa lenye rangi kwenye nyuzi za karatasi, chukua. Kama kilichobaki ni mchanga na mikwaruzo tu, endelea na safari. Udongo mweusi wa juu, wenye mboji, uache kwa ajili ya mboga: weusi wake ni majani yaliyooza, si madini, na ukiuweka kwenye kidonge utaendelea kuoza humo humo.

Niuchimbe wapi?

Tafuta mahali ambapo ardhi tayari imekatwa: kingo za barabara, makorongo, mashimo ya moramu, mashimo ya vyoo, misingi ya nyumba. Fundi anayechimba msingi anafika kwenye tabaka ambazo wewe na jembe lako hutazifikia leo wala kesho, na mara nyingi ndani ya shimo moja utaona rangi mbili au tatu zimepangana. Mwombe debe moja. Atacheka, lakini atakupa.

Ukipanda Kibosho, Machame au Marangu utapata zaidi nyekundu yenye ukahawia. Ukishuka tambarare udongo hubadilika, na sehemu nyingine una chumvi inayoonekana kama utando mweupe juu ya ardhi kavu; huo unahitaji kuoshwa mara nyingi na mimi huwa nauruka. Ukitaka kitu tofauti kabisa na wekundu wa volkano, nenda upande wa Pare, Mwanga na Same. Milima ile haikutokana na volkano. Ni miamba ya kale iliyobadilishwa na joto na mgandamizo chini ya ardhi, na udongo wake una sura yake.

Kuna tahadhari moja ya huku kwetu. Mashamba ya zamani ya kahawa yamepuliziwa dawa zenye shaba kwa miongo mingi, kwa sababu ya chulebuni na kutu ya majani. Shaba haiozi wala haipotei, hukaa kwenye udongo wa juu. Kama unachimba penye kahawa, au palipowahi kuwa na kahawa, ondoa tabaka la juu lote uchukue la chini, au hamia mahali pengine.

Nahitaji kibali?

Kama ni kihamba cha mtu, yaani shamba la nyumbani la Kichaga, mwombe mwenye kihamba. Anza na salamu, eleza unachofanya, na ukimaliza mpelekee kidonge kimoja akione. Wazee wengi hufurahi kujua kwamba ardhi yao inachora. Kwa ardhi ya kijiji, pitia ofisi ya kijiji. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro na ya Arusha usichukue chochote, hata jiwe la mfukoni. Debe moja la kujifunzia ni jambo la ujirani. Ukianza kuchukua udongo kwa gari, hiyo ni biashara ya madini na ina taratibu zake za serikali.

Nahitaji vifaa gani?

Ndoo tatu, chujio la chai, soksi ndefu za nailoni ambazo hazivaliki tena, kinu na mchi, sinia la kuanikia, mizani ya jikoni, kisu cha puti cha mafundi rangi, kipande cha kioo kinene na kisagio, yaani kifaa cha mkono cha kusagia rangi juu ya kioo hicho. Kila kitu kikishaingia kwenye kazi hii kisirudi jikoni.

Kioo nenda kwa fundi vioo, omba vipande vilivyobaki vya milimita 8 au 10, akusugulie kingo zisikukate. Kioo kinachoteleza hakisagi vizuri, inabidi kikwaruzwe kidogo. Hapa ndipo mafundi magari wanapotufaa: ile pesti ya kusugulia valvu za injini, inayouzwa maduka ya vipuri, ina chembe ngumu sana. Paka kidogo juu ya kioo, sugua kwa kisagio hadi uso wote uwe na ukungu sawasawa, kisha osha kwa sabuni na maji ya moto mpaka mafuta yake yote yatoke.

Kisagio chenyewe kinachouzwa kwa wachoraji ni cha kioo, kina mkono na kitako bapa, na kikiagizwa kutoka nje ni ghali. Wengi huku hutumia glasi nzito yenye kitako kilichonyooka, au kipande cha granaiti kutoka kwa mafundi wanaokata meza za jikoni. Granaiti inafanya kazi vizuri kuliko glasi kwa sababu uzito wake unakusaidia.

Kuosha udongo ni lazima? Siwezi kuchekecha tu?

Unaweza kuchekecha tu, na utapata rangi inayokwaruza karatasi na kula brashi. Kama kuna hatua moja ya kuipa muda wako katika kazi hii yote, ni hii. Ubora wa rangi ya udongo hauamuliwi na mahali ulipochimba, unaamuliwa ndani ya ndoo.

Ponda mabonge, jaza udongo theluthi ya ndoo ya lita 10, ongeza maji, koroga kwa nguvu hadi mabonge yote yavunjike. Acha dakika moja. Mchanga utashuka chini, na maji ya juu yatabaki mazito yenye rangi. Yamimine polepole kwenye ndoo ya pili kupitia soksi ya nailoni, na simama kabla mchanga haujaanza kutoka. Rudia: koroga ndoo ya pili, safari hii subiri dakika tatu, mimina kwenye ya tatu. Kilichobaki chini ya ndoo ya kwanza ni mchanga, mwaga kwenye njia ya nyumba. Kilichobaki chini ya ndoo ya pili usikitupe. Kikikauka kisage kwenye kinu, ukioshe upya, kitakupa rangi nyingine.

Ndoo ya tatu iache itulie mpaka kesho yake. Usiharakishe hapo. Chembe ya udongo yenye upana wa maikroni 2 (sehemu mbili za elfu za milimita) huchukua takriban saa 8 kushuka sentimita 10 tu ndani ya maji. Maji ya juu yakishakuwa safi, yamwage taratibu, ongeza mengine masafi, koroga, acha yatulie tena. Mara mbili au tatu zinatosha kwa udongo wa milimani, zaidi kwa ule wenye chumvi. Chumvi isiyoondolewa hujitokeza baadaye kama unga mweupe juu ya mchoro uliokwisha kukauka, na hapo huna la kufanya.

Mwisho mimina tope kwenye sinia, funika kwa chandarua, anika. Januari na Februari siku mbili zinatosha. Juni na Julai, wingu linapolala juu ya Moshi mchana kutwa, usishangae likichukua wiki.

Neno moja zaidi: chembe laini kuliko zote si lazima ziwe bora kuliko zote. Wakati mwingine zile za mwisho kabisa kutulia ni udongo mfinyanzi mtupu, rangi yake imepauka, na kidonge chake hupasuka. Kausha kila tabaka peke yake, lijaribu kwenye karatasi, ndipo uamue.

Kuna njia ya kupata rangi nyingi kutoka udongo mmoja?

Ipo, na ni ya raha: moto. Gethaiti ina maji ndani ya muundo wake. Ikipata joto la karibu nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, maji hayo hutoka na njano inageuka hematiti, yaani nyekundu. Weka unga mkavu uliokwisha kuoshwa kwenye kikaango cha chuma juu ya jiko la mkaa, nje ya nyumba, ukikoroga muda wote. Toa kijiko kimoja kila baada ya dakika chache ukiweke pembeni. Ukimaliza utakuwa na msururu kutoka haradali, kupitia chungwa, hadi tofali lililoiva, wote kutoka debe moja.

Udongo uliokwisha kuwa mwekundu hautabadilika sana. Kahawia zenye manganizi hukolea na kuelekea wekundu zaidi. Ukisikia harufu ya kiberiti, ondoa kikaango motoni na uachane na udongo huo.

Gundi gani inatumika?

Gundi ya mgunga, ile ambayo maduka ya vifaa vya sanaa huiita gamu arabiki. Ni utomvu unaotoka kwenye gome la mgunga wa aina ya Senegalia senegal. Sudan ndiyo inayoongoza duniani kwa kuiuza, lakini na sisi tunayo: mikoa mikavu ya kati kama Singida na Tabora huivuna.

Shida ni kwamba sokoni kila kitu kinachong'aa na kilichotoka kwenye mti kinaitwa gundi. Wauza dawa za asili watakuuzia ubani kwa moyo mweupe kabisa, na vipande vyake vinafanana na gundi. Ubani una resini ndani, ukiuloweka maji yanakuwa meupe na mabaki hayayeyuki. Utomvu wa mwembe nao hauyeyuki vizuri, huvimba ukawa mlenda. Kipimo ni hiki: tia vipande viwili kwenye maji ya uvuguvugu, acha usiku kucha. Gundi sahihi asubuhi imeyeyuka yote, maji yana rangi ya chai hafifu na yananata vidoleni. Ikivimba bila kuyeyuka, mrudishie mwenyewe.

Usikubali pia kuambiwa kwamba migunga yote ni sawa. Ipo migunga ambayo gundi yake ni dhaifu, ikikauka inavunjika vunjika. Mchungaji wa Kimaasai aliyekulia Monduli au Longido atakuonyesha tofauti kwa kutazama mti tu, jambo ambalo mimi bado naliona la ajabu.

Gundi inaandaliwaje?

Gramu 50 za gundi iliyopondwa, mililita 100 za maji ya moto yasiyochemka. Koroga, funika, acha hadi kesho, chuja kwa kitambaa ili uondoe vipande vya gome na wadudu. Ikikataa kuyeyuka yote, weka chombo ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiiweke moja kwa moja juu ya moto, itaungua chini.

Kwenye mililita 100 za gundi hiyo ongeza mililita 20 za asali na matone matano ya mafuta ya karafuu. Hiyo ndiyo dawa yote. Weka kwenye chupa yenye kifuniko, kwenye friji kama unayo.

Kwa nini asali? Na asali gani?

Gundi peke yake ikikauka inakuwa ngumu na inapasuka. Asali huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo kidonge kinabaki na ulaini kidogo na kinaamka haraka ukigusa kwa brashi yenye maji. Tumia asali ya nyuki wakubwa, nzito, isiyochanganywa na maji ya sukari. Asali ya nyuki wadogo ni tamu kwa kikohozi lakini ina maji mengi na huchachuka upesi, kwa hiyo iache kabatini. Asiyetaka asali anaweza kutumia glisirini ya duka la dawa, kiasi kile kile au pungufu kidogo.

Na karafuu?

Inazuia ukungu. Mafuta ya karafuu yana yujenoli, ambayo vimelea vingi haviipendi. Yanatoka Zanzibar, hasa Pemba, na wauza viungo wengi wa mjini wanayo. Usizidishe, matone machache yanatosha.

Vipimo vya unga na gundi ni vipi?

Anza na kijiko cha unga kwa kijiko cha gundi iliyoandaliwa. Baada ya hapo kila udongo una tabia yake. Udongo wenye mfinyanzi mwingi hunywa gundi hadi kijiko kimoja na nusu, na masizi hunywa zaidi.

Usiamini kijiko, amini karatasi. Paka mstari, acha ukauke kabisa, kisha sugua kwa kidole kikavu. Rangi ikihamia kwenye kidole, gundi ni pungufu. Mstari ukiwa unang'aa na kubanduka vipande vipande ukikunja karatasi, gundi imezidi. Ukiwa hauna mng'ao na rangi haihamii kidoleni, umefika. Andika vipimo ubavuni mwa mstari ule ule, kwa sababu udongo wa shimo jingine, hata la jirani, utataka vipimo vingine.

Kusaga kwenye kioo kunachukua muda gani?

Kati ya dakika 20 na 40 kwa fungu dogo la vijiko vitatu au vinne. Changanya kwanza kwa kisu cha puti mpaka pasiwe na unga mkavu, kisha zungusha kisagio kwa mwendo wa namba nane, bila kukandamiza sana. Kila baada ya muda kusanya rangi katikati kwa kisu uanze tena. Ikikauka, tone la maji. Lengo si kuvunja chembe, hiyo ilikuwa kazi ya kinu na ndoo. Lengo ni kila chembe ivalishwe gundi yake. Sikiliza: mwanzoni kioo kinakwaruza, baadaye sauti inakuwa laini na kisagio kinaanza kunata. Hapo acha.

Nitie kwenye nini?

Vifuniko vya plastiki vya chupa za maji vinafaa sana na havina gharama. Vizibo vya soda vya bati vinapendeza kwenye picha lakini vinapata kutu, na kutu ni chuma, itachafua njano yako polepole. Ukifika pwani okota makombe madogo. Wachoraji wa zamani walitumia makombe, na hata kwenye pango la Blombos huko Afrika Kusini yalikutwa makombe yenye mabaki ya udongo mwekundu uliosagwa, ya miaka kama 100,000 iliyopita.

Jaza nusu, acha ikauke siku mbili au tatu kivulini, jaza tena. Rangi inanywea inapokauka, na ukijaza yote kwa mara moja katikati itadidimia na kingo zitaachana na chombo.

Kidonge kimepasuka. Nimeharibu?

Hapana. Rangi iliyopasuka inachora vile vile. Sababu huwa ni kuanika juani, kujaza nene, asali pungufu, au mfinyanzi mwingi kwenye unga. Vunja vipande, rudisha kwenye kioo na tone la gundi na asali kidogo, saga upya.

Sisimizi wamevamia!

Hilo wenzetu wanaoandika vitabu vya sanaa Ulaya hawalitaji. Asali ni asali, na sisimizi wa Moshi hawabagui. Kausha vidonge juu ya meza ambayo miguu yake imesimama ndani ya vikopo vya maji, au tumia glisirini badala ya asali. Vikishakauka vihifadhi kwenye kopo linalofunga, lakini si kabla: ukifunga rangi yenye unyevu wakati wa masika utafungua bustani ya ukungu.

Nitumie maji gani?

Ya mvua, yakiwa yamekingwa baada ya bati kusafishwa na mvua ya kwanza. Mito na visima vingi vya upande wa Meru vina floraidi nyingi na madini mengine yaliyoyeyuka. Mto Maji ya Chai ni mfano ambao kila mtu wa huku anaujua. Kuchemsha hakuondoi madini hayo. Kuosha udongo kwa maji ya bomba hakuna ubaya mkubwa, ila suuza ya mwisho na maji ya gundi yawe ya mvua au ya chupa.

Naweza kupata bluu na kijani? Tunayo tanzanaiti hapa hapa!

Swali hili linapendwa, na jibu linavunja mioyo. Tanzanaiti ikisagwa inakuwa unga mweupe. Rangi yake inatokana na kiasi kidogo mno cha vanadi ndani ya jiwe ambalo vinginevyo halina rangi, na unapolisaga vipande vidogo vinatawanya mwanga mpaka bluu inapotea. Umechoma pesa ukapata chaki. Ndivyo ilivyo pia kwa jiwe la kijani la Longido lenye rubi: likiwa zima linapendeza, likisagwa linakuwa kijivu chenye kijani cha kubahatisha, na rubi iliyomo ni ngumu kiasi cha kutafuna kinu chako.

Chuma kwenye udongo ni habari nyingine, kwa sababu hapo rangi ni madini yenyewe, si uchafu mdogo ndani yake. Ndiyo maana inastahimili kusagwa.

Mererani kuna kitu kingine ambacho wachoraji hawakitazami: tanzanaiti hukaa ndani ya miamba yenye grafaiti. Grafaiti inatoa kijivu cha kung'aa, kizuri sana kwa mawe na mvua. Eneo la migodi limezungukwa na ukuta na huingii hivi hivi, lakini grafaiti hupatikana pia kwa wafanyabiashara wa madini.

Kwa bluu, nunua rangi ya dukani bila aibu. Au tumia hila ya wachoraji: nyeusi ya mkaa iliyopakwa nyepesi sana kando ya nyekundu ya udongo inasomeka machoni kama bluu. Anga la jioni la Meru linachoreka kwa rangi mbili tu hizo.

Nyeupe je?

Watu huleta chaki, chokaa, na ule udongo mweupe wa pemba unaouzwa sokoni kwa wajawazito. Pia kaolini, ambayo iko kwa wingi milima ya Pugu. Vyote vinasagika vizuri, na vyote vitakuudhi: ndani ya gundi na maji hupoteza weupe na kuwa kama maziwa yaliyozimuliwa. Vinapinda mwanga karibu sawa na gundi yenyewe, hivyo mwanga unapita tu. Weupe halisi wa rangi nyingi za dukani ni wa titani. Katika rangi za maji, nyeupe bora ni karatasi uliyoiacha bila kupaka. Chokaa mbichi usiiguse kabisa, inaunguza ngozi.

Nyeusi?

Rahisi kuliko zote. Mkaa uliosagwa hutoa nyeusi yenye kijivu. Masizi ya kibatari hutoa nyeusi nzito, ila hayapendi maji na yanaelea. Yaloweshe kwanza kwa matone ya spiriti ya duka la dawa, kisha ongeza gundi. Mifupa ya ng'ombe iliyochomwa ndani ya kopo lililofungwa hutoa nyeusi yenye ukahawia kidogo na nzuri kuliko zote mbili, lakini majirani watakuja kuuliza kinachoungua.

Majivu ya Oldoinyo Lengai yanafaa?

Hapana. Lengai ni volkano pekee duniani inayotoa lava ya aina yake, yenye kaboneti za sodiamu na potasiamu. Inatoka nyeusi, ikikutana na unyevu inageuka nyeupe, na sehemu kubwa yake inayeyuka ndani ya maji. Kitu kinachoyeyuka hakiwezi kuwa unga wa rangi, na magadi yake yataharibu gundi. Nenda ukautazame mlima, urudi mikono mitupu.

Rangi hizi zitapauka?

Zile za chuma, hapana. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, mingi imechorwa kwa wekundu wa aina hii hii, na imekaa nje kwa vizazi visivyohesabika. Karatasi yako itaoza kabla ya rangi.

Manjano ya jikoni, hina, maua na majani ni kinyume chake. Manjano iliyowekwa dirishani hupauka ndani ya wiki chache. Kama ni kadi ya harusi, tumia. Kama unamuuzia mtu mchoro wa kuning'iniza sebuleni, usitumie, au mwambie.

Kuna hatari kiafya?

Hatari kubwa ni vumbi, si udongo wenyewe. Udongo na majivu ya volkano yana silika, na vumbi la silika likiingia mapafuni mwaka baada ya mwaka linaleta ugonjwa usiopona. Fanya kazi udongo ukiwa umelowa kila inapowezekana, vaa barakoa nzuri wakati wa kuponda na kuchekecha, futa meza kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia. Usilambe brashi. Usichukue udongo wa gereji, dampo, au mahali wanapochenjua dhahabu kwa zebaki. Na ukionyeshwa jiwe la kijani au jekundu linalong'aa usilolijua, usilisage mpaka mtu wa madini alitazame: yapo yenye shaba, risasi au zebaki.

Naweza kufanya na wanafunzi wa shule ya msingi?

Ndiyo. Wewe osha na kausha udongo nyumbani, wao wafanye kuchanganya na kuchora. Kama gundi ya mgunga haipatikani, tumia kiini cha yai na maji kidogo, wachore siku hiyo hiyo. Hakiwezi kuhifadhiwa, na darasa litanuka usipoosha vikombe.

Inafaa kwenye turubai, kama Tingatinga?

Haifai. Michoro ya Tingatinga ilianza kwa rangi ya mafuta inayong'aa juu ya mbao bapa, na hiyo ikikauka haiyeyuki tena. Rangi zetu zinayeyuka kila zikiguswa na maji, zinataka karatasi inayokunywa maji na mchoro uwekwe nyuma ya kioo. Karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba ndiyo ya kuaminika. Manila inajikunja lakini inatosha kwa mazoezi. Ukitaka kuchora kwenye turubai, chukua unga ule ule uliouosha uchanganye na mafuta ya kitani, ukijua kwamba unaanza kazi nyingine.

Watalii wanataka kununua. Nifanyeje?

Uza vidonge, usiuze udongo mbichi. Nchi nyingi zinazuia udongo mbichi kuingia kwa sababu ya wadudu na magonjwa ya mimea, na mgeni wako atanyang'anywa uwanja wa ndege. Andika kwenye kila kidonge jina la eneo, kama kimechomwa au la, na kama kina asali, maana wapo wasiotumia chochote kinachotokana na mnyama. Usiandike jina la kihamba cha mtu bila ruhusa yake. Na kausha vidonge angalau wiki mbili kabla ya kufunga. Kidonge kinachonata kwenye karatasi ya kufungia kitarudishwa, au mbaya zaidi, hakitarudishwa na mnunuzi hatarudi.